UZI: Nyasi za bustani msimu wa majani kupukutika, kazi iko chini ya ardhi

Mkata Ukoka

Wakuu salaam.

Hewa ikianza kupoa na miti kuangusha majani, wengi wetu tunaegesha mashine ya kukatia nyasi, tunakunja mpira wa maji na kusubiri joto lirudi. "Nyasi zimeshalala," tunaambiana. Uzi huu nimeuleta kupinga kauli hiyo. Kwa nyasi za maeneo ya baridi huu ndio msimu wa maana kuliko yote katika mwaka. Ukiuacha upite, ule ubichi unaouota majira yajayo utakuwa umeutupa mwenyewe.

Nieleze kwa nini. Nyasi zinazopandwa sana kwenye bustani za maeneo ya baridi ni Lolium perenne, jamii za Festuca na Poa pratensis. Majani yake hukua vizuri hewa ikiwa kati ya nyuzi 15 na 24 za Selsiasi. Mizizi inapenda ubaridi zaidi, udongo wa nyuzi 10 hadi 18 hivi. Kwenye joto kali la katikati ya mwaka udongo hupita hapo, na mizizi husinyaa hata kama juu unaona kijani. Sasa hewa inapoa, lakini udongo haupoi haraka kama hewa. Bado umehifadhi joto. Umande umerudi, mvua zimeanza, jua halichomi tena. Jani linapunguza mwendo, chakula linachotengeneza kinashuka chini kwenye mizizi na kwenye machipukizi ya pembeni. Machipukizi hayo ndiyo yanayofanya nyasi zishonane.

Kwa hiyo tusiende kwa tarehe. Kaskazini mwa dunia msimu huu ni kama Septemba hadi Novemba, kusini ni Machi hadi Mei, lakini mwezi haujui hali ya uwanja wako. Chukua kipimajoto, kichomeke ardhini sentimita 5 hadi 10, soma asubuhi. Mimi nagawa hivi: udongo ukiwa juu ya nyuzi 10, kazi nzito zote ruksa (kukwaruza, kutoboa, kupanda mbegu, kuweka mbolea). Ukishuka kati ya 10 na 6, baki na kukata na kuondoa majani ya miti. Chini ya 5 au 6 nyasi zimesimama kukua, nawe simama.

Mpangilio wa kazi nao una maana. Kata kwanza. Kisha kwaruza mabaki, toboa udongo, mwaga mbegu, tandaza mboji nyembamba, mwagilia. Ukipanda mbegu halafu ndipo ukumbuke kukwaruza, umezing'oa zote.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu tofauti wamwage madini.

Ngurumo77

Nimeweka kiti mbele kabisa. Mkuu, kukwaruza ndiyo nini? Mimi nina reki ya kukusanya majani tu.

Mkata Ukoka

@Ngurumo77 chimba kipande kidogo cha nyasi kwa kisu, kina cha kiganja, ukikague ubavuni. Kati ya majani mabichi na udongo utaona tabaka la kahawia, limejaa vishina na mizizi iliyokufa. Likiwa jembamba lina faida, linazuia jua lisikaushe udongo na linapunguza mkandamizo wa miguu. Likipita sentimita 1.3 hivi ni tatizo. Maji yanaishia humo kama kwenye sponji, mizizi inaanza kuota humo humo badala ya kwenda ardhini, na kuvu wanapata makazi.

Kukwaruza ni kulitoa hilo tabaka. Uwanja mdogo unatumia reki ya meno ya chuma yanayonyumbulika, unavuta kwa nguvu, upande mmoja halafu mwingine. Uwanja mkubwa azima au kodi mashine yake. Baada ya kazi uwanja utaonekana umeharibika kabisa, na ndiyo maana nasisitiza ifanyike udongo ukiwa na joto, ili nyasi zipate wiki kadhaa za kujirudi kabla ya baridi. Ukikwaruza mwishoni mwa msimu, vidonda vinabaki wazi majira yote ya baridi.

Na kama tabaka lako halifiki hata nusu sentimita, achana nalo. Lolium kwa mfano haitengenezi mabaki mengi kwa sababu haitambai. Wasumbufu ni Poa pratensis na zile nyembamba zenye mashina ya kutambaa.

Mama Wawili

Kumbe. Mimi niliambiwa mabaki yale yanatokana na kuacha majani yaliyokatwa juu ya uwanja, ndiyo maana kila nikikata nakusanya kwenye kikapu cha mashine hadi kiuno kinauma.

Bi Shamba

@Mama Wawili pumzisha kiuno mwanangu. Majani yaliyokatwa ni maji kwa sehemu kubwa, yanaoza haraka na yanarudisha naitrojeni ardhini. Tabaka linajengwa na mashina na mizizi, vitu vyenye ugumu wa mti ambavyo kuvu wanachelewa kuvila. Kusanya pale tu unapokuwa umechelewa kukata na yanaangukia mafungu mafungu, au uwanja ukiwa na ugonjwa.

Mzee wa Reki

Nimesoma maelezo ya mleta uzi, mengi nakubali. Ila naona mnapita haraka kwenye jambo lenyewe la msimu huu, majani ya miti. Hilo ndilo linaloua nyasi kuliko yote. Jani likilowa likagandana na wenzake, chini yake hakuna mwanga wala hewa. Baada ya wiki chache unafunua unakuta nyasi za njano, na pembeni kuvu. Msimamo wangu haujabadilika: reki, kila baada ya siku mbili tatu, hakuna jani kulala uwanjani.

Mkata Ukoka

Shikamoo mzee. Hatari uliyoitaja ni ya kweli, lakini reki siyo jibu pekee. Pita juu yake na mashine ya kukatia, majani yakiwa makavu. Yanasagika vipande vidogo kama ukucha, yanateremka kati ya nyasi, nyungunyungu wanayavuta ardhini. Watafiti wa Michigan State University walilifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1990, na matokeo yao ni kwamba majani yaliyosagwa hayadhuru nyasi. Palipopewa majani ya aina ya maple hata magugu ya majani mapana yalipungua.

Masharti ni mawili. Yawe makavu, maana mabichi yanaziba mashine na kutoka kama uji. Na ukimaliza kupita, nyasi zionekane. Ukiona umefunika zaidi ya nusu ya uwanja kwa unga wa majani, hapo ni mengi mno. Pita tena, na yakibaki mengi vuta kwa reki upeleke kwenye lundo.

Mzee wa Reki

Marahaba. Na majani ya mwaloni? Yana uchachu, yataharibu udongo.

Mtu wa Udongo

Naomba nijibu hapo mzee. Jani bichi la mwaloni lina asidi kidogo, ndiyo, lakini likioza uchachu unapungua, na udongo una uwezo wa kuhimili mabadiliko madogo. Kusaga majani ya mwaloni hakuwezi kushusha pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umezidi) ya uwanja kwa kiwango cha kusumbua. Kama udongo wako ni mchachu, sababu itafute kwingine: aina ya mwamba uliozaa udongo huo, mvua nyingi inayosafisha kalisi, au mbolea za amonia zilizotumika muda mrefu.

Hili linanileta kwenye chokaa, maana najua litafuata. Watu wanamwaga chokaa kila mwaka kama desturi. Msimwage bila kupima. Nyasi nyingi zinaridhika na pH kati ya 6 na 7. Ukiwa na 6.5 halafu ukaongeza chokaa, unaifanya chuma ardhini isipatikane kwa mmea na nyasi zinapauka. Kama kipimo kimeonyesha unaihitaji, msimu huu ni mwafaka kwa sababu chokaa inachukua miezi kufanya kazi. Ila isiwekwe pamoja na mbolea ya amonia, naitrojeni itaruka hewani kama gesi. Achanisha wiki kadhaa.

Ngurumo77

Wakuu kuna mtu ananiuzia viatu vya misumari, anasema navaa natembea uwanjani natoboa udongo. Ni dili au napigwa?

Bi Shamba

Unapigwa 😂

Mtu wa Udongo

Msumari mwembamba hautoi kitu, unasukuma udongo pembeni, na kwenye mfinyanzi uliolowa unazidi kushindilia kuta za tundu. Halafu uzito wako wote uko juu ya hilo eneo. Kinachofungua udongo ulioshindiliwa ni bomba tupu linalong'oa kipande. Kuna mashine za kukodi zinazofanya hivyo, na kuna uma wa mkono wenye mabomba. Kina kati ya sentimita 5 na 10, tundu na tundu lipishane sentimita 8 au 10. Vipande vinavyotoka acha vikauke juu, kisha vivunje kwa mgongo wa reki. Ni udongo wako, usiutupe.

Huna bomba? Uma wa kawaida wa bustani unasaidia kiasi. Chomeka, tikisa mpini mbele na nyuma ili tundu lipanuke, toa. Fanya hasa kwenye njia wanazopita watu na pale watoto wanapochezea. Si lazima uwanja mzima kila mwaka. Kipimo rahisi ni bisibisi ndefu: siku ya pili baada ya mvua ichomeke kwa mkono. Ikizama bila shida, huna tatizo la kushindiliwa.

kijukuu

Nikishatoboa nijaze mchanga? Udongo wangu ni mfinyanzi mtupu, mvua ikinyesha panakuwa bwawa.

Mtu wa Udongo

Ukichanganya mchanga kidogo na mfinyanzi unapata kitu kigumu kuliko ulivyoanza. Wanaotunza viwanja vya michezo wanatumia mchanga, lakini wanaujaza mtupu kwenye mashimo mpaka juu, mwaka baada ya mwaka, kwa kiasi ambacho mtu wa nyumbani hakiwezi. Wewe tumia mboji iliyoiva na kuchekechwa. Tandaza isizidi nusu sentimita, sambaza kwa mgongo wa reki mpaka ncha za nyasi zionekane. Hesabu yake: nusu sentimita kwenye mita moja ya mraba ni lita 5, kwa hiyo uwanja wa mita 100 za mraba unataka lita 500. Anza na sehemu mbaya zaidi kama huna mboji nyingi.

Na kama maji yanatuama siku nzima baada ya mvua, kagua kwanza mteremko na maji ya paa yanapoelekea. Hakuna mboji itakayoshinda bomba la paa linalomwaga katikati ya uwanja.

Mama Wawili

Naomba msaada kwenye mbegu. Nina mapara makubwa mawili, moja chini ya bembea na lingine lilikauka na jua. Niliambiwa nisubiri joto lirudi.

Mkata Ukoka

Usisubiri dada yangu, kama kipimajoto chako bado kinasoma zaidi ya 10. Mbegu inayopandwa sasa inakuta udongo wa joto chini na hewa tulivu juu, na haishindani na magugu ya msimu wa joto. Ile ya majira yajayo inaota vizuri, halafu joto kali linaikuta ina mizizi mifupi.

Kwaruza para mpaka udongo uonekane na ulegee. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mbegu lazima iguse udongo. Ukiimwaga juu ya nyasi zilizokufa umewapa ndege chakula. Kujazia penye nyasi chache weka gramu 15 hadi 25 kwa mita ya mraba, para tupu gramu 35 hadi 50. Gawanya mara mbili, nusu umwage ukitembea upande mmoja, nusu ukikatiza. Funika kwa mboji ya milimita chache, kanyaga polepole ishikamane na udongo, kisha maji kidogo kidogo ili juu pasikauke.

Lolium utaiona kati ya siku 5 na 10 hali ikiwa nzuri. Festuca wiki moja hadi mbili. Poa pratensis inaweza kuchukua wiki 2 hadi 4, kwa hiyo aliyepanda mchanganyiko asikate tamaa akiona aina moja tu imeota. Lengo ni mche upate kama wiki 6 kabla ya jalidi la kwanza, yaani umande ulioganda kuwa barafu. Kama umechelewa kuliko hapo, hifadhi mbegu mahali pakavu.

Kuhusu bembea: ihamishe au weka vipande vya magome ya miti chini yake. Hakuna mbegu inayoshinda miguu ya watoto.

Mama Wawili

Hiyo ya bembea nimecheka ila ni kweli. Asante.

Bi Shamba

Nongeze hapo. Aliyepanda mbegu asitumie dawa ya kuzuia magugu yasiote. Dawa nyingi za aina ile hazijui mbegu ya gugu na mbegu ya nyasi, zinazuia zote. Kwa magugu ya kudumu ya majani mapana yenye mzizi mrefu na maua ya njano, huu ni wakati mzuri wa kuyashughulikia kwa sababu nayo yanashusha chakula mizizini, na dawa inashuka nacho. Ila nyasi changa zisipuliziwe mpaka zimekatwa mara tatu nne. Uwanja mdogo, ng'oa kwa mkono baada ya mvua, na mzizi wote utoke.

Mzee wa Reki

Haya, mbolea. Nitasema wazi: msimu huu naitrojeni ni sumu. Inalazimisha jani laini, baridi inakuja, kuvu wanafanya sherehe. Nyasi zipewe potasiamu tu.

Bi Shamba

Mzee wangu hapo tutabishana kwa heshima. Inategemea mwanzo wa msimu au mwisho. Mwanzoni, udongo una joto na nyasi zimetoka kwenye mateso ya jua, naitrojeni ya wastani ndiyo inayojenga machipukizi na akiba ya sukari. Wataalamu wa nyasi za maeneo ya baridi Marekani kwa miaka mingi wanahesabu mbolea ya mwanzo wa msimu huu kuwa ya kwanza kwa umuhimu katika mwaka mzima. Uingereza mifuko inayouzwa kwa msimu huu huwa na naitrojeni ndogo na potasiamu kubwa, na huko baridi yao ni ya unyevu mrefu, kwa hiyo tahadhari yao inaeleweka. Wote wana sababu.

Mtu wa Udongo

Niingize namba ili tusibishane hewani. Dozi ya kawaida ni kama gramu 5 za naitrojeni halisi kwa mita ya mraba. Soma mfuko. Ukiandikwa naitrojeni asilimia 20, unahitaji gramu 25 za mbolea kwa mita, yaani kilo 2.5 kwa mita 100 za mraba. Ukiandikwa asilimia 10, ni gramu 50. Watu wanaounguza nyasi ni wale wanaomwaga kwa macho.

Mwishoni mwa msimu, nyasi zikikaribia kusimama, mmea hauli tena naitrojeni kwa kasi ile. Mvua inaishusha kwenye maji ya ardhini na mito. Kuna maeneo sheria inakataza kabisa mbolea ya nyasi miezi ya baridi kwa sababu hiyo, na mengine yanazuia fosforasi mpaka upime udongo. Angalia sheria ya unapoishi.

Kuhusu potasiamu: inasaidia kama udongo unaipungukiwa. Ukiwa nayo ya kutosha, kuongeza hakuzidishi kinga. Majaribio kwenye nyasi za viwanja vya gofu yameonyesha potasiamu ya ziada inaweza hata kuongeza ukungu wa theluji, ugonjwa wa kuvu wa msimu wa baridi. Kwa hiyo mzee, hata "potasiamu tu" inahitaji kipimo.

Mzee wa Reki

Hilo la mwisho sikulijua. Bado naitrojeni ya mwisho wa msimu siiweki.

Mkata Ukoka

Na hapo tunakubaliana wote mzee. Mwanzo ndiyo kwa kiasi, mwisho hapana.

mgeni_wa_theluji

Wakuu, uwanja wangu una mabaka ya mviringo, upana wa sarafu mpaka sahani, rangi ya machungwa hadi kahawia, asubuhi pembeni kuna utando mweupe wenye uwaridi kwa mbali. Yanaongezeka. Nimwagilie zaidi?

Bi Shamba

USIMWAGILIE. Maelezo yako yanafanana sana na Microdochium nivale, kuvu wa msimu huu hasa. Anapenda baridi ya wastani na jani linalokaa na maji muda mrefu, na akikutwa na theluji anaendelea chini yake. Punguza unyevu juu ya jani: asubuhi futa umande kwa fimbo ndefu au kwa kuburuta mpira wa maji juu ya nyasi. Punguza matawi yanayozuia upepo. Toa majani ya miti yote hapo, usisage. Mbolea ya naitrojeni simamisha. Sehemu kubwa ya nyasi hujirudi joto likirudi, kwa hiyo usikimbilie dawa kabla hujafanya haya.

Usichanganye na ule mwingine wa nyuzi nyekundu nyekundu zinazochomoza kwenye ncha za majani, Laetisaria fuciformis. Huyo anashambulia nyasi zenye njaa ya naitrojeni, na dozi ndogo ya mwanzo wa msimu mara nyingi inamtuliza. Ndiyo maana nikasema mbolea isilaumiwe tu, kuna ugonjwa inauleta na kuna ugonjwa inauondoa.

kijukuu

Mimi nina kuvumwani, ile ya kijani laini inayofunika uwanja upande wa ukuta. Nimwage salfeti ya chuma?

Mkata Ukoka

Salfeti ya chuma itaifanya iwe nyeusi ndani ya siku chache, kisha unaikwaruza. Angalia isiguse vigae wala zege, inaacha madoa ya kutu yasiyotoka. Lakini upande wa ukuta kuna kivuli, unyevu, na kwa maelezo yako udongo ulioshindiliwa. Usipobadilisha hayo, kuvumwani itarudi. Toboa udongo, acha kukata nyasi fupi mno upande huo, panda Festuca zinazovumilia kivuli. Kama jua halifiki hapo hata saa chache kwa siku, kwa maoni yangu weka mimea ya kivuli usahau nyasi. Mtu anayepigania nyasi kwenye kivuli kizito anapoteza nguvu zake bure.

Ngurumo77

Ndege wanachimba uwanja wangu kama wanatafuta hazina. Nyasi zinang'oka kwa vipande, ukivuta zinatoka bila mizizi.

Mtu wa Udongo

Wanafuata mabuu. Kuna wa aina mbili wanaosumbua sana. Wa kwanza ni buu la nzi mwenye miguu mirefu, Tipula, la kijivu, halina miguu, ngozi ngumu. Mama zao wanataga mwishoni mwa majira ya joto na mwanzo wa msimu huu. Wa pili ni buu jeupe la mbawakawa, limejikunja, kichwa cha kahawia, nalo lina miguu. Fanya hivi: lowesha sana eneo dogo jioni, funika kwa plastiki nyeusi usiku kucha, funua asubuhi. Mabuu ya Tipula yatakuwa yamepanda juu, unayaokota. Yale meupe hayapandi hivyo, fukua kipande cha nyasi uyatafute.

Tiba isiyo na sumu ni nematodi, minyoo wadogo wasioonekana kwa macho wanaoingia ndani ya buu na kuliua. Kwa Tipula ni Steinernema feltiae, kwa mabuu meupe ni Heterorhabditis bacteriophora. Wanahitaji udongo wenye unyevu na joto la nyuzi 12 hivi au zaidi, kwa hiyo ni kazi ya mwanzo wa msimu, mabuu yakiwa bado madogo. Mwaga jioni, mwanga wa jua unawaua. Wakinunuliwa wanakaa kwenye friji na wana tarehe ya mwisho.

Nyungunyungu wanaoacha vijilima vya udongo wasiguswe. Subiri vikauke, vifagie.

Mwana wa Kikuyu

Mnazungumza nyasi za baridi tu. Uwanja wangu ni ukoka, na upande mwingine kikuyu. Baridi ikigusa vinageuka kahawia. Nikwaruze na kutoboa kama mnavyosema?

Mkata Ukoka

Swali zuri sana, na jibu ni HAPANA. Ukoka (Cynodon dactylon) na kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ni nyasi za joto. Kwao msimu huu ni wa kuelekea kulala. Ukizikwaruza sasa hazina nguvu ya kuziba vidonda. Kukwaruza na kutoboa subiri joto lirudi na zikue kwa kasi.

Kwa sasa pandisha kidogo kimo cha kukata, simamisha naitrojeni kama wiki 6 kabla ya jalidi, na rangi ya kahawia ikija iache. Mmea uko hai chini. Kuna wanaomwaga mbegu za Lolium juu yake wapate kijani cha baridi. Inawezekana, lakini joto likirudi Lolium inagombea mwanga na maji na ukoka unaoamka. Mimi sipendi, ila ni uwanja wako.

Mama Wawili

Kukata sasa. Mara ya mwisho nikate fupi kabisa ili nipumzike?

Bi Shamba

Hapana mama. Kamwe usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja. Nyasi za nyumbani zikae sentimita 4 hadi 5, Festuca ndefu zaidi ya hapo. Jani ndilo linalolisha mizizi, na jua la msimu huu ni dogo. Lakini usiziache ndefu zikalala pia, maana zikilaliwa na theluji kuvu wanafurahi. Endelea kukata mpaka zisimame zenyewe, hata kama ni kwa kupita mara chache.

kijukuu

Uyoga umeota duara kubwa. Nina mbwa na mtoto anayetambaa.

Bi Shamba

Uchume uutupe kabla hawajaufikia, vaa glavu. Kwa nyasi zenyewe mara nyingi hauna madhara, unaozesha mizizi ya miti iliyokufa na mbao zilizofukiwa.

FundiMashine

Nimechelewa, ila hakuna aliyetaja mashine. Ya petroli: mafuta yakikaa miezi yanaharibika na kuziba kabureta. Yamalize kwa kuiwasha mpaka izime, au weka dawa ya kuhifadhi mafuta. Ondoa waya wa plagi kabla hujaweka mkono chini, kisha kwangua nyasi zilizoganda, noa kisu. Kisu butu kinachana jani badala ya kukata, ncha zinakuwa nyeupe. Ya betri: toa betri, iweke ndani pasipoganda, ikiwa na chaji ya nusu hivi. Mpira wa maji mwaga maji yote na bomba la nje funga kutoka ndani, la sivyo litapasuka.

Ngurumo77

Fundi, kisu nanoa kwa jiwe au kwa grainda?

FundiMashine

Tupa ya chuma inatosha kama hakijapigwa mawe. Fuata pembe ile ile ya kiwandani. Ukimaliza kining'inize kwenye msumari kwa lile tundu la katikati. Upande mmoja ukishuka ni mzito, punguza huo mpaka kilale sawa, la sivyo mashine itatetemeka na kuua beringi. Grainda ukitumia usikipashe moto hadi kiwe bluu.

mgeni_wa_theluji

Swali la mwisho kwa leo. Asubuhi nyasi zina jalidi, mimi nakatiza uwanjani kwenda kwenye gari. Kuna ubaya?

Mkata Ukoka

Upo. Jani lililoganda lina barafu ndani, ukilikanyaga chembe zake zinavunjika, na siku chache baadaye unaona nyayo za kahawia. Zunguka pembeni mpaka jua liyeyushe, au kama ndiyo njia yako ya kila siku tandika mawe bapa, hatua kwa hatua, usawa wa udongo ili mashine ipite juu.